Abiria wa Kwenda Fedha

Sikulazimishi uniamini, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu na mikono imejaa grisi.

Nilikuwa nafufua injini ya pikipiki ya kizamani jikoni kwangu, Komarock. Niliinunua pamoja na fremu yake kwa muuza vyuma chakavu, na sikuuliza mwenyewe alikuwa nani. Mjinga nani zaidi yangu? Mke wangu, Mwende, alichoka kukuta oili kwenye sufuria zake, akaniambia Jumapili isipite injini ikiwa humo.

Jumamosi jioni stima ikapotea. Nilikuwa nimeinama, tochi kwapani, nahangaika na pointi, zile zinazoipa plagi moto. Nikasikia hodi. Nikajibu karibu bila kuinua kichwa.

"Niaje, fundi," sauti ya mwanamume ikasema begani kwangu. "Hiyo umeiachanisha sana."

Mkono ukapita mbele yangu na karatasi ya sigara, ukaiweka katikati ya pointi, ukakaza hadi karatasi ikang'ang'ania kidogo. Mafundi wa zamani walipima hivyo. Vidole vyake viligusa vyangu, baridi kama maji ya alfajiri.

"Ikiwaka utanishusha mtaa wa Fedha? Mathe ananingoja."

"Usijali, nitakushusha," nikasema, vile tunavyomjibu kila mtu mtaani. Nikageuka. Hakukuwa na mtu, na mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Kesho yake niliifunga kwenye fremu, ikawaka teke la kwanza. Niliogopa sana, lakini nikaona nikimfikisha ataniacha. Nilipanda peke yangu, na springi za nyuma zikabonyea mara ya pili, kama mtu amekaa. Njia nzima alinipumulia shingoni. Usiniambie ni upepo. Upepo unanuka sigara?

Fedha sikujua nyumba. Pikipiki ilizima yenyewe mbele ya geti moja la bluu, na mama mmoja akatoka mbio bila viatu.

"Huo ni mlio wa pikipiki ya kijana wangu," akasema. "Alikufa nayo barabarani, akija kwangu."

Nilimweleza yote. Hakunibishia. Alisogea, akashika kiti cha nyuma, akasema polepole, "Shuka, mwanangu. Umefika."

Tukangoja. Springi hazikuinuka.

Hadi leo kila Jumapili nampeleka, mama anamwomba ashuke, na narudi naye. Mwende hapandi pikipiki hiyo, na simlaumu. Nawe nakusihi, usimwahidi mtu safari kabla hujamtazama usoni. Mgongo wangu haujapata joto tangu siku ile, hata nikikaa juani.