Glasi Kutoka Mkono wa Binti

Katikati ya miaka ya sabini Wakristo wetu wa Kabazi walinichangia, mimi katekista wao, nikaenda hija ya Roma pamoja na mahujaji wengine wa Nakuru. Njiani tulipitia Uhispania. Binti yangu alikuwa huko, akisomea uuguzi kwa msaada wa masista waliomfundisha Nakuru. Namshukuru Mungu kwa safari ile mpaka leo. Lakini ninachokumbuka kuliko makanisa yote ni chakula kimoja cha mchana.

Padre aliyeongoza hija aliniruhusu niachane na wenzangu mpaka jioni. Binti yangu akanipokea mahali basi liliposimama, nje ya mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe, mnene hata ndani ya lango mlikuwa na baridi. Kabla hatujaingia akaniambia bila kunitazama:

"Baba, hatutakula peke yetu. Kuna kijana, na mama yake."

"Kijana gani, Mama?" Namwita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu.

"Fundi wa umeme pale hospitalini. Mtaongea."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa mdomo wangu," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Mzazi akisikia kuna kijana na mama yake, anajua ameitiwa nini.

Hoteli ilikuwa nyumba ya mawe kwa nje. Ndani ilikuwa vioo, viti vya chuma, na kuta nyeupe zisizo na msalaba wala kalenda. Ukiingia hoteli ya Nakuru unasikia harufu ya chai na sambusa kabla hujaketi. Hapa sikusikia harufu ya kitu, nikashindwa hata kujua jiko liko upande gani. Kijana alisimama kunisalimu, na mama yake, mjane aliyevaa nyeusi, akanishika mikono yote miwili akasema maneno mengi.

"Anasema hoteli ni mpya, na mpishi ni mtoto wa jirani yake," binti akanieleza. "Kisichokupendeza umwambie yeye, mpishi asisikie."

Zikaja sahani kubwa zenye chakula kidogo katikati: vipande vya samaki wa chumvi, zeituni, na supu ya nyanya.

"Supu imepoa," nikanong'ona.

"Ndivyo inavyoliwa."

"Si wairudishe motoni kidogo?"

"Baba!"

Kisha binti yangu akachukua chupa, akanimiminia divai, akaniwekea glasi mbele yangu kwa mikono miwili kama tulivyomlea. Mkono wangu ulikwenda kuipokea, ukasimama njiani.

Kwetu Wakikuyu, wakija watu kumtaka msichana, wazee wa pande zote hukaa pamoja. Msichana huitwa, akaulizwa mbele yao: tunywe? Akikubali huonja yeye kwanza, kisha humpa baba yake. Baba akishakunywa kutoka mkono wa binti, neno limekwisha. Na binti si wa baba peke yake. Ndugu zangu walikuwa Kabazi wakipalilia mahindi, wala hawakujua kwamba nimekaa mezani na watu wa kijana.

Divai si dhambi kwangu. Niliogopa ule mkono.

Nikala samaki. Alikuwa na chumvi ya kukausha ulimi. Nikaomba maji, naye nani aliyeinuka kuyamimina? Binti yuleyule, mikono miwili ileile. Sasa nikawa na glasi mbili. Siku zile baadhi yetu tulishaweka soda mahali pa muratina, pombe yetu ya mila, na wazee wakakubali kwamba maana haiko kwenye chupa. Kama soda ilikubalika, maji je? Nilijua ninajisumbua bure, lakini sikugusa glasi hata moja. Nikatafuna zeituni nipate mate.

Mama wa kijana alinitazama kwa muda, akasema kitu. Kijana akapaliwa na supu.

"Anauliza kama wewe ni ngamia," binti akasema.

"Mwambie mimi ni mkulima. Ngamia wako kaskazini."

Walicheka, lakini binti akainama kwangu. "Ni divai, Baba? Nikuagizie kingine?"

"Si divai, Mama. Ni mkono."

Akaitazama glasi. Nikaona uso wake ukibadilika alipokumbuka. Akawaeleza wenyeji wetu, maneno marefu. Mjane aliposikia akapiga makofi.

"Anasema basi kunywa," binti akatafsiri polepole. "Anasema atafurahi kupata binti."

Kijana, mwekundu mpaka masikioni, akaitikia kwa kichwa. Wote wakaitazama ile glasi. Nikikataa, nimemwaibisha mwanangu mbele ya watu. Nikinywa, nimemtoa peke yangu, bila ndugu hata mmoja, abaki nchi ambayo sijui hata ni jirani gani ataitwa akiugua. Niliomba kimoyomoyo. Ndipo nikaona kwamba kuna swali linalotangulia glasi, nami nilikuwa nimelikwepa tangu tulipopita langoni, kwa kuwa nilidhani jibu nalijua.

"Mama," nikamwambia, "tunywe?"

Akamtazama kijana, akatazama dirishani.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Yeye alisema mama yake anataka kukuona. Mama yake akasema tuje hapa. Wewe ukaja. Kila mtu alikuwa ameshajua."

"Sasa nakuuliza mimi."

"Sijui, Baba. Usinywe."

Akamwambia kijana kwa maneno machache. Kijana hakukasirika. Akaisogeza ile glasi kando, akachukua jagi, akanimiminia maji yeye mwenyewe. Mkono wake haukuwa na mila. Nikanywa yote. Mama yake akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?"

"Anasema tule nyama, isipoe kama supu yako."

Leo najua ilivyokwisha. Baada ya mwaka hivi mama na mwana walikuja Kabazi, binti akaulizwa tena mbele ya ndugu zangu, na akaonja yeye kwanza. Lakini jioni ile sikujua lolote. Niliingia kwenye basi nikimwona binti yangu nje kwenye baridi, amevaa koti juu ya sare yake ya kazi, akipunga mkono. Mahujaji wakaanza rozari. Jirani yangu akanigusa bega.

"Katekista, unasali kumi la tatu. Sisi tuko la pili."

Nikarudi nyuma. Baada ya Salamu Maria chache nikapotea tena.