Mkeka wa Jovva

Sigga alishusha darubini, akaifuta kwa mkono wa koti, akaiweka tena machoni, kisha akatoa neno ambalo marehemu mama yao, mwimba kwaya, hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Kulungu majike wa Jovva, mdogo wake wa kiume, walikuwa ndani ya Gorsa.

Gorsa ni shimo. Ramani ya serikali inaliita bonde, lakini aliyeichora alipita juu kwa helikopta, kahawa mkononi. Kuta zake ni mawe na miti ya mibetula iliyopinda, na theluji yote inayopeperushwa kutoka milimani humwagwa humo ikakaa, laini, kama mali isiyo na mwenyewe. Kulungu wetu wa kufugwa, hawa wa kaskazini penye theluji, hawaendi Gorsa kwa hiari. Walikuwa wamekimbizwa. Pale ukingoni palikuwa na nyayo za nyegere wa theluji, mnyama mwenye roho ya mkusanya kodi na miguu mipana kama sahani. Yeye hupita juu ya theluji laini kama mtu anayekwenda kanisani. Kulungu huzama hadi tumboni na kumsubiri.

Redio nayo ilikuwa imeshatoa hukumu: upepo wa magharibi, joto, mvua kufikia jioni. Mvua juu ya theluji, halafu baridi tena, hiyo ni sakafu ya kioo. Majike wangebaki wamefungiwa humo, chakula chao, ule ukoga mweupe wa ardhini, kikiwa chini ya kioo, na nyegere angekula bila hata kukimbia. Wote walikuwa na mimba. Baada ya majira mawili mabaya ya baridi, Jovva hakuwa na wengine. Wakifia Gorsa, ile alama ya masikio ya mifugo aliyoachiwa na baba yake ingekufa nao, na yeye angevaa kizibao cha rangi ya machungwa cha manispaa na kusukuma theluji kwenye maegesho ya magari, mbele ya watu waliokuja kununua nyama ya ng'ombe ya kusaga.

"Nitawatoa," alisema Jovva. "Mkeka wangu unafika popote."

"Mkeka, mkeka," alisema Sigga. "Siku ukifa tutakuzika umeviringishwa humo."

Ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini ya pikipiki ya theluji, wenye meno ya kushika, kwetu tunauita mkeka. Na kama ilivyo kwa mikeka ya wanaobeti mpira, kila mwanamume ana wake wa uhakika, na hakuna aliyewahi kukuuliza kama unataka kuusikiliza.

Jovva alikuwa bingwa wao. Baba yake alichunga kwa miguu na mbao mbili za kutelezea theluji, hakuongea wiki nzima, akafa anaheshimiwa. Jovva alizaliwa na ulimi wake na wa baba yake pia. Angeweza kukueleza ugumu wa mpira, nafasi kati ya meno, kwa nini urefu hukufanya uelee na kwa nini meno hukuchimbia kaburi, huku supu yako ikipoa. Mkewe Elna alivumilia mpaka alipokuta katalogi chini ya mto wa kulalia. Alihamia mjini Luleå, akasema hakuachana na mume, ameachana na kampuni ya vipuri.

Mkeka wenyewe aliununua kwenye gulio la baridi la Jokkmokk, mwezi wa pili. Muuzaji, kijana wa kusini aliyeitwa Torgny, alikuwa ametandika mikeka miwili juu ya meza.

"Unaendesha wapi, kaka?"

"Nje ya njia," alisema Jovva. "Kwenye theluji yenyewe. Si kwenye barabara za watalii."

"Basi huu mpana wa meno mafupi uache. Huo ni wa kuvuta kuni. Chukua huu: inchi mia moja sabini na nne, meno inchi tatu, mpira laini. Unapanda ukuta."

"Akishapanda ukuta atafanya nini huko juu?" aliuliza Sigga, mdomo umejaa nyama kavu.

Torgny alicheka, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa matamu akaongeza, "Kwani una kulungu wangapi?"

Sigga aliacha kutafuna. Kwetu hilo ni sawa na kumwambia mtu kwenye foleni asome kwa sauti kilichomo benki. Jovva aliutazama uso wa kijana, akaona hamna ubaya, umekosa malezi tu.

"Wapo upande huu wa mti," alisema, "na upande ule."

Akanunua ule wa inchi tatu. Binamu yake Pavva alikuwa na wa inchi mbili na nusu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kufikiri. Na wiki zilizofuata wanaume wote wa kundi letu la wafugaji waliupima, waliupinda, walibishana juu yake kama maaskofu juu ya divai. Hakuna aliyeuliza swali moja ambalo mtoto wa mfugaji angepaswa kuliuliza. Hata Sigga hakuliuliza.

Sasa walikuwa ukingoni mwa Gorsa, mawingu yameshuka, na kulikuwa na joto. Joto ndilo lililokuwa linatisha.

Sigga alitangulia na pikipiki yake kuukuu aliyoiita Bibi, ambayo sifa yake kuu ilikuwa kuwaka. Bibi alivuka ukingo, akasonga mara mbili urefu wake, akazama kwa adabu mpaka taa zikafunikwa.

"Sema," alisema Sigga akiwa amezama kiunoni. "Sema upesi, yaishe."

"Sijasema kitu, dada."

"Mabega yako yanasema."

Jovva alishuka. Na hapa lazima tumpe haki yake: alishuka vizuri mno. Theluji ilimrukia kifuani, mashine ikaelea, ikakata kati ya mibetula, ikapita mahali ambapo mbwa wetu wasingethubutu. Kwa muda ule mfupi kila alichowahi kusema mbele ya supu za watu kilikuwa kweli. Aliwazunguka majike, akawaona wamesongamana chini ya jabali, vichwa chini, wamechoka. Jike la kengele, lile linaloongoza kundi, lilikuwa mbele. Juu ya jabali, ametulia kama mwenye hoteli, alikaa nyegere.

Jovva alipiga honi. Nyegere aligeuza kichwa, akakirudisha.

Kazi iliyobaki ni ya kila siku. Unaendesha mbele, mashine inashindilia theluji, nyuma yako panabaki njia ngumu, jike la kengele linaishika, wengine wanafuata mkia kwa pua. Jovva alikwenda mpaka juu ukingoni, akarudi akitumia mstari uleule, akasimama akageuka kutazama njia yake.

Hapakuwa na njia. Palikuwa na handaki.

Meno yale ya inchi tatu yalikuwa yamepita kwenye theluji mpya ya juu, yakaendelea, yakafika chini kabisa kwenye ile tunayoiita sukari: chembe kavu za mwanzo wa majira, ambazo hazishikani hata ukiziombea. Yalikuwa yameichota na kuimwaga juu. Jike la kengele liliingiza mguu, likaingiza wa pili, likazama mpaka mbavuni. Lilihangaika, kengele ikilia ovyo, kisha likajikokota kurudi lilikotoka.

Jovva alipita tena, pembeni kidogo. Handaki la pili. Akapita polepole. Handaki la tatu, lililonyooka zaidi.

Sigga alifika kwa mbao za kuteleza, alizokuwa amezifunga nyuma ya Bibi. Alitazama handaki, akatazama mkeka, akatazama kulungu.

"Unalima," alisema.

"Naona."

"Sisi sote wajinga. Tumekaa tunabishana mkeka utakubebaje wewe. Hatukuuliza utamwachia nini anayekuja nyuma."

"Dada, si sasa."

"Mimi nilikuwepo gulioni, Jovva. Nilikuwa nakula tu."

Upepo uligeuka. Uliwapiga shavuni wenye unyevu, na kwenye mibetula theluji ikaanza kudondoka kwa mabonge. Nyegere alishuka kutoka jabali la juu hadi la chini yake. Hakuwa na haraka. Jike mmoja mchanga aliyekuwa ukingoni mwa kundi alimwona, akarudi nyuma, akazama.

Jovva alivua glavu. Alishika usukani, akaweka bega, akaipindua mashine ikalala ubavu, mkeka wake mpya ukaangalia mbingu. Petroli ikaanza kunuka. Alichomoa kisu kiunoni.

"Unafanya nini?"

"Natia alama."

Kila mmoja wetu anajua kushika kisu kwa ajili hiyo. Kila majira ya joto tunakata masikio ya ndama, upesi, mkono mwepesi, kila familia na mkato wake. Jovva alishika jino la kwanza, akapima kwa kidole gumba, akakata. Mpira ule laini uliobuniwa na wahandisi uliguna. Kilitoka kipande, akakitupa mgongoni bila kukitazama. Jino la pili.

Sigga alisimama kidogo, maana hata yeye alijua mtu huyu alilala na katalogi. Halafu alichomoa chake, akapiga magoti upande wa pili.

"Kina cha kidole gumba chako au changu?"

"Changu."

"Chako kinene."

"Kata, dada."

Walikata. Walilowesha visu kwa theluji ili vipite, wakausukuma mkeka uzunguke kwa mikono, wakakata safu iliyofuata. Vidole vya Sigga vilipasuka, akavifunga kwa kitambaa cha kichwani. Kila baada ya muda mmoja wao aliinuka, akampigia kelele nyegere, akamtupia kipande cha jino. Mwanzoni alirudi nyuma. Baadaye alikinusa kile kipande. Baadaye hakujishughulisha.

"Anajua," alisema Sigga.

"Hajui lolote. Kata."

Tone la kwanza lilianguka juu ya mpira likiwa bado karibu theluji. La pili lilikuwa maji.

Waliinua mashine. Jovva alipanda, akawasha, akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: aliendesha taratibu. Mafuta yakizidi, mkeka ungechimba mpaka sukari. Yakipungua, angezama na mambo yangeishia hapo. Alikata ukuta kwa mshazari, mbali na mahandaki yake, mkono juu ya kishikio cha mafuta kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Theluji mpya, iliyoanza kuwa na unyevu, ilijibana chini ya ule urefu wote aliokuwa akijisifu nao. Ilishikana. Joto lilelile lililokuwa linawaua liliifanya ifinyangike. Lakini kwa muda mfupi tu, kila mtu aliyezaliwa huku anajua hivyo. Baada ya hapo njia yote ingeporomoka kama keki iliyoachwa mvuani.

Alifika juu, akashuka, akapanda tena. Sigga alimfuata kwa mbao zake akikanyaga kingo.

"Acha ijishike," alisema Sigga.

"Mvua, dada."

"Acha ijishike, nimesema. Vuta pumzi. Si unazo?"

Walisubiri, mvua ikiwapiga mgongoni, injini imezimwa, huku wakitazamana na mnyama mwenye miguu kama sahani ambaye hakuhitaji kununua mkeka. Ndipo Sigga akalifuata jike la kengele, akalitia kamba, akalivuta mpaka mwanzo wa njia. Lilinusa. Liliweka ukwato. Ukwato haukuzama.

Likaweka wa pili.

Walipanda kwa mstari mmoja, pua kwenye mkia, kengele ikilia sasa kwa mpango. Jovva alikwenda mbele kwa mwendo wa mazishi. Katikati ya ukuta kingo zilianza kubomoka, na aliyekosea hatua aliingia hadi goti, akajitoa, wa nyuma akamruka. Hakuna aliyesimama. Wa mwisho walivuka ukingo njia ikiwa tayari ni uji.

Yule jike mchanga hakuwa nao. Alikuwa ametoka njiani chini kabisa, akazama mahali ambapo handaki la kwanza lilikuwa limepita. Jovva alikwisha kugeuza mashine alipoona nyegere anatembea juu ya theluji kwenda pale, bila kukimbia.

Sigga alimshika mkono wa koti. "Hapana."

"Amekwama kwenye handaki langu."

"Najua kakwama kwenye nini. Hapana. Hawa wengine wanalowa."

Walisikia mlio wa jike, kisha hawakuusikia tena. Jovva aliwasha mashine akaelekea msituni, ambako miti hukinga mvua na ukoga unafikika. Kengele ilimfuata.

Jumapili Pavva alikuja kunywa kahawa. Alisimama mbele ya ile mashine uani kwa muda mrefu, akaingia ndani bila kuvua kofia.

"Binamu, nani kautafuna mkeka wako?"

"Panya," alisema Sigga, akidondosha jibini kwenye kahawa yake, kama ilivyo desturi yetu.

"Huwezi hata kuuza sasa. Torgny akiuona atalia." Pavva alikaa. Alikuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo hakuuliza majike wangapi walitoka Gorsa wala wangapi walibaki. Aliuliza kile ambacho miaka yote ungemwuliza Jovva kama ulikuwa na mchana mzima wa kupoteza. "Hebu niambie, hayo meno sasa yamebaki inchi ngapi?"

Sigga aliinua macho. Jovva alimmiminia binamu yake kahawa, akajimiminia na yeye, akatazama dirishani, kuelekea msituni.

"Yapo upande huu wa mti," alisema, "na upande ule."