Wa Nne Kati ya Wanne

Virgil Haskew alizaliwa na maoni yake. Mama yake, Mungu amrehemu, alisimulia kwamba mtoto huyo alikataa ziwa la kushoto akapokea la kulia, na tangu siku hiyo hajawahi kuona vitu viwili akaacha kuvipanga, hiki cha kwanza, kile cha pili. Dunia nayo ikampa kazi inayomfaa. Maisha yake yote alikuwa mwamuzi wa mifugo kwenye maonyesho, kote Oklahoma magharibi na hata ng'ambo ya mpaka, Texas. Wanamletea maksai wanne, anawazunguka, anawatazama nyonga, kwato na mgongo, anawapanga, kisha anashika kipaza sauti na kutoa sababu mbele ya wenye mifugo yao. Hiyo ya kutoa sababu ndiyo kazi hasa. Kupanga tu hata mlevi anaweza.

Magoti yalipomkatalia kuzunguka ng'ombe, akahamia kwa binadamu. Mji wetu wa Bexley Fork hauna jambo, ila ghala la nafaka, makanisa mengi kuliko wenye dhambi wa kuyajaza, na chuo. Chuo chenyewe nacho hakina jambo, ila timu ya mpira wa helmeti, Nyegere. Basi msimu ukifika, kila Jumatano asubuhi redio ya mji inakuja mgahawani kwa Nadine, inaweka kipaza sauti pembeni ya chupa ya sosi, na Virgil anaupima ukuta wa Nyegere mtu mmoja mmoja kabla ya mechi ya Jumamosi. Washambuliaji hakuwajali hata kidogo. "Kufunga kila mtu anapenda," alikuwa akisema. "Mtu anajulikana kwa kuzuia."

Wiki hiyo mechi ilikuwa na Pruett, mahasimu wetu wa jadi. Habari za sisi na Pruett siziingii, wewe jua tu kuna ndoa zimevunjika. Virgil alianza na wale wanne wa mstari wa mbele, maana hapo ndipo ukuta unapoanzia. Wa kwanza alimweka Dupree, "mwepesi, kama amekanyaga kaa la moto." Wa pili na wa tatu akawapitisha kwa heshima zao. Kisha akavuta pumzi, na wazee wakaweka vikombe vya kahawa chini, maana pumzi ile waliijua.

"Wa mwisho ni namba tisini na nne," akasema. "Nyonga nzito. Mpira umeshaanza, wenzake wameshafika, yeye bado kasimama wima anatazama, kama ng'ombe anayengoja afunguliwe geti. Pruett watapita hapo na familia zao. Angekuwa wangu, ningeshampeleka mnadani kabla hajanimalizia majani."

Orville Tackett, muuza matrekta, alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. "Virgil, huyo kijana ana mama."

"Basi mama yake aingie acheze. Hawezi kuwa mzito kuliko huyo."

Wazee wakapiga meza kwa vicheko. Virgil akarudi nyumbani roho yake nyeupe, na mkewe Lavonne, ambaye asubuhi nzima alikuwa kanisani akishona mablanketi na wenzake, hakujua kilichosemwa.

Alhamisi mchana ilikuwa zamu ya mjukuu. Darcy walimlea wao wenyewe, Virgil na Lavonne, tangu akiwa wa kubebwa. Sasa alikuwa anasoma hapo hapo chuoni, lakini nyumbani alikuwa amepotea, mpaka Lavonne akaanza kumwekea sahani mezani kwa kujidanganya. Alipopiga simu kwamba anakuja na mtu wa kuwaonyesha, bibi alisugua hata chini ya jokofu.

"Virgil," akamwambia, "huyo mgeni akija, mdomo wako utie breki. Darcy akitususa, mimi na wewe tutabaki tunatazamana, na mimi nimeshakuona vya kutosha."

Mlango ukafunguliwa, chumba kikaingia giza. Kijana aliyeujaza mlango alivua kofia, akasimama wima, akatazama. Virgil hakungoja kutajiwa jina. Alimtambua kwa nyonga.

"Babu, huyu ni Wade Poteet," alisema Darcy. "Nadhani wewe umeshamtaja."

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini wahenga hawakuwa na redio. Virgil akanyoosha mkono, ukamezwa na mkono wa mgeni.

"Karibu, kijana."

"Asante, mzee."

"Kumbe mnajuana!" Lavonne akafurahi, masikini.

Wakala. Kulikuwa na nyama ya kuoka, viazi vya kuponda na maharage mabichi. Wade alikula taratibu, asante mama, ndiyo mama, na habari ya redio hakuigusa. Virgil angependa atukanwe yaishe. Adabu ile ilimchoma kuliko tusi, na mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Sikia, kijana. Ile ya jana redioni..."

"Kocha ameirekodi, mzee. Jana ametupigia, na leo tena, tukianza mazoezi. Wenzangu sasa nikiingia kuoga wananilia moo."

Lavonne akaweka uma chini. "Jana kulikuwa na nini?"

Darcy akamweleza bibi yake yote, na hakupunguza geti wala mnada. Kisha akamgeukia babu yake. "Kumweka wa mwisho sikuchukia. Mechi naziona, macho ninayo. Lakini nani alinifundisha kutoa sababu, mimi mtoto, nimesimamishwa juu ya ndoo ili nionekane? Ulisema hata ng'ombe wa mwisho ana jambo lake jema, na mwamuzi lazima alikiri kwa sauti. Ulisema sababu bila kukiri ni matusi. Kwa Wade ulikiri nini?"

Virgil alitafuta. Alitafuta kweli. "Sikuona kitu," akasema.

"Basi kaone. Ukikiri, ukiri redioni, palepale ulipomtukania. La sivyo, Siku ya Shukrani mimi nitakula kwa kina Poteet, na Krismasi vilevile."

"Ila usiseme uongo, mzee," Wade akaongeza kwa upole. "Watajua."

Hapo ndipo mtego ulipombana. Uongo asingeuweza, na hata angeuweza, wazee wa kwa Nadine wangeunusa kabla hajaumaliza. Ukweli nao hakuwa nao. Akajaribu moyoni: ana adabu. Adabu haijawahi kumzuia mtu wa Pruett. Anakula vizuri. Hilo nalo hapana. Mzee mzima, nyumba yake inataka kubaki tupu kwa kukosa sentensi moja tu, na aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Pai ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo akamchukua Wade nyuma ya nyumba wakaangalie maksai, maana wanaume wakikosa la kusema hutazama ng'ombe. Virgil akafungua geti la zizi, akaanza kueleza, na akieleza mikono yake yote miwili inafanya kazi. Geti akalisahau wazi. Kulikuwa na maksai mmoja mweusi, mtundu, hata mbwa alishamkatia tamaa. Akaiona nafasi, akatoka mbio. Huko nje ilikuwa barabara ya malori, na kabla ya barabara alikuwa Darcy, anakuja kuwaita, sahani za pai mikononi.

Virgil aliruka pembeni, kwa magoti yaleyale yaliyomstaafisha, akatua kwenye matope. Wade hakuruka. Hakupunga mikono wala kupiga kelele. Alisimama katikati ya geti, wima, akitazama, vilevile kama Virgil alivyomcheka. Maksai akayumba kushoto kumdanganya. Wade hakusogea. Akayumba kulia. Wade yupo. Maksai akasimama, akapuliza pua, kisha akageuka kurudi kwenye majani kama mtu aliyekumbuka ana kazi zake nyumbani.

"Kwa nini hukuruka?" Virgil aliuliza kutoka chini.

"Alikuwa hajaamua, mzee. Nilikuwa namngoja aamue."

Virgil alikaa kwenye matope yale muda mrefu kuliko magoti yalivyohitaji.

Hakungoja Jumatano nyingine. Aliwabembeleza watu wa redio mpaka Ijumaa asubuhi wakaleta kipaza sauti kwa Nadine, na mgahawa ulikuwa umejaa watu waliovaa jezi.

"Kuna sababu niliiacha," akaanza. "Namba tisini na nne nilimweka wa mwisho, na nyonga zake bado nzito, hilo silifuti. Lakini nakiri. Nakiri msimu mzima hajaruka kabla ya mpira kuanza, hata mara moja, wakati huyo Dupree niliyemweka wa kwanza ametuletea adhabu kwa kuruka mapema, mpaka refa amechoka mkono. Nakiri hadanganyiki. Nakiri kwamba mimi niliruka." Akaisogeza kando chupa ya sosi. "Na nakiri kwamba ningepewa geti moja tu la kulinda hapa duniani, na nyuma yake yuko mjukuu wangu, ningemsimamisha huyo kijana, nikaenda zangu kulala."

Orville alijishughulisha na sukari ambayo hatumii. Halafu akauliza, "Kwa hiyo umempandisha kuwa wa ngapi?"

"Wa nne."

"Bado wa nne?"

"Wako wanne, Orville. Lazima mmoja awe wa nne."

Simu ya mgahawa ikalia. Nadine akasikiliza kidogo, akamsogezea Virgil.

"Wa nne, babu?" Alikuwa Darcy.

"Wa nne."

Kisha nyuma ya Darcy akasikika mtu mkubwa akicheka, kicheko cha taratibu, kimechelewa kuanza na hakina haraka ya kuisha.

"Mwambie bibi," Darcy akasema, "Siku ya Shukrani apike bata mzinga wa watu watano."

Virgil akahesabu. "Mbona tuko wanne?"

"Wade ni wawili. Si ulisema mwenyewe ni mzito?"