Niliambiwa sauti ya marehemu Baba ni mali ya mtu mwingine

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari zenu pia nawasalimu.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kucheka na comments zenu. Leo naandika kwa sababu shukrani imenijaa. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema.

Nauza nguo Isiolo mjini, lakini kwetu ni Korbesa. Baba alikuwa mfugaji mpaka mwisho wake, Mungu amrehemu.

Mwaka mmoja kabla hajafariki nilimrekodi kisimani akinywesha ng'ombe. Kwa wasiojua, visima vyetu ni virefu. Wanaume husimama ndani wakipokezana ndoo huku wakiimba, na ng'ombe wakisikia wimbo wanajua zamu yao imefika.

Dakika kumi na moja, Baba akiongoza.

Niliiweka kwenye channel yangu ya video, na kipande kifupi nikatuma grupu ya familia. Baadaye simu ikaibiwa, kwa hiyo rekodi nzima ikabaki kwenye channel peke yake. Mama, ninayeishi naye mjini, aliisikiliza kila siku baada ya alasiri, na chai yake mkononi.

Asubuhi moja nikakuta video imefungwa.

Email ilisema kuna claim ya copyright. Sauti inafanana na wimbo wa msanii fulani wa Nairobi, na baada ya siku saba video itafutwa kabisa.

Nilicheka kwanza. Halafu nikakasirika.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Fomu ya kupinga iliuliza: je, wimbo huu ni wako? Wakuu, wimbo wa kisima hauna mwenyewe. Babu yangu aliuimba, na waliomtangulia waliuimba. Nikijiandikisha mimi kuwa mwenyewe, Korbesa nzima itanishangaa. Nikaweka alama kwenye Hapana, na nikaeleza vizuri kabisa kwamba ni wa watu wote.

Kesho yake jibu likaja: pingamizi limekataliwa. Kumbe nilikuwa nimewasaidia kunifunga.

Kosa la pili, nilimwambia Mama jinsi nilivyoelewa mimi, kwamba sauti ile ni mali ya mtu na tumeitumia bila ruhusa. Mama ni mtu wa dini sana. Akanipa simu yake nifute hata kile kipande cha grupu.

"Kama ni ya mtu, toa," akasema. "Mimi sisikizi kitu ya wizi."

Jioni hiyo alikunywa chai bila kuwasha simu. Mjane amekatazwa sauti ya mume wake, na aliyemkataza ni mimi. Iliniuma, siwezi kuficha.

Siku ya tano nikaenda kwa Kendi, dada mmoja Mmeru mwenye cyber mtaani Chechelesi. Akafungua wimbo wa yule msanii. Mwanzoni kabisa, kabla beat haijaingia, yuko Baba. Nikamwomba arudie.

Kendi akaniuliza mzee anasema nini. Nikamwambia anaita ng'ombe kwa majina: Gurratti mweusi, Dalatti wa kijivu, Dimtu wa mama Halima. Dimtu ni ng'ombe mwekundu ambaye Mama alipewa nilipozaliwa.

"Halima si ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi wimbo ni ya kisima, sawa. Lakini sauti ni ya babako, na aliyerekodi ni wewe. Hiyo ndio ungeandika."

Akaniambia pia niache kugombana na mashine, nitafute mtu. Email ya msanii ilikuwa hapo chini ya wimbo. Tukamwandikia pamoja, majina ya ng'ombe na yote.

Alijibu siku hiyo hiyo kwa voice note. Ni kijana wa Kiborana kama sisi, ila amekulia Nairobi. Kipande kilimfikia kwa forward, bila jina la mtu, akadhani ni rekodi ya zamani isiyo na mwenyewe. Kampuni inayosambaza nyimbo zake ilisajili, na mashine ikaanza kukamata watu bila yeye kujua. Aliomba msamaha mpaka nikamwonea huruma.

Kesho yake akaondoa claim. Video ikafunguka ikiwa imebaki siku moja.

Niliporudi kwenye channel yangu, nikaona video za harusi nilizowekea nyimbo za watu nilizozipakua tu. Nilizitoa zote. Siwezi kulilia ruhusa ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuomba.

Kwa hiyo msinitegemee niitukane sheria ya copyright. Ni kali na haisikii maelezo marefu, lakini bila hiyo claim sauti ya Baba ingeendelea kuzunguka bila jina. Sasa jina lake limeandikwa la kwanza chini ya ule wimbo. Andikeni jina kwenye kila mnachorekodi, na muweke nakala zaidi ya moja. Kendi, asante sana dada.

Msanii alikuwa ameomba ruhusa ya Mama aendelee kutumia ile sauti. Nilipomweleza ukweli wote, Mama akataka kwanza ausikie wimbo mzima, na beat zake. Nilikaa kando nikiogopa.

Ulipoisha akafuta macho kwa ushungi wake.

"Mwambie nimempa. Lakini asikate jina ya ng'ombe hata moja."

Kisha akaniambia nimwekee ya Baba, ile ndefu, na niongeze maji ya chai.

Haya wakuu, na nyinyi mna sauti ya nani kwenye simu zenu, na jina lake mmeliandika?