Kikongwe cha Kwenye Msumari

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka najipigia vigelegele mwenyewe hata kama niko peke yangu jikoni. Siku hiyo niliitwa nikasikia. Utasema, kuitwa na kusikia kuna sifa gani? Kaa hapo kwenye mkeka, sogeza hilo sinia, nikueleze. Umekuja kuniuliza ununue simu gani, na nimeona macho yako yameshaganda kwenye ile yenye kamera nne. Mie ile naijua. Niliwahi kumiliki dada yake mkubwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, na huo ushee usinihesabie. Nauza utumbo na makongoro pale machinjioni Vingunguti, kwenye kona yangu ile ile unayoijua, nyuma ya ukuta mrefu wa zege, juu bati, kando bati. Wenyewe tunaiita shimoni. Mtandao ukifika pale unakuwa umechoka kabisa. Basi sie akina mama wa shimoni tulipiga msumari kwenye nguzo moja karibu na dirisha, na kila asubuhi kila mtu anatundika simu yake pale ndani ya mfuko wa plastiki. Ikiita, aliye karibu anapaza sauti, "Mama Neema, unaitwa!" Mama Neema ndiye jirani yangu wa meza, mtu wa Mbeya, mcheshi mpaka ng'ombe wanamjua.

Nikavunja kibubu changu nikanunua simu. Weee! Nyuma inang'aa kama kioo cha saluni, kamera zimepangana, kioo cha mbele kimejaa mpaka pembeni. Kijana aliyeniuzia alinipiga picha pale pale dukani, nikajiona nimepungua miaka kumi. Sikuuliza kitu kingine. Nilirudi shimoni siku hiyo natembea kama bibi harusi, nikaitundika katikati ya msumari, simu za wenzangu nikazisukuma pembeni.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Simu za wenzangu zilikuwa zinaita. Yangu kimya. Msumari ni huo huo, mifuko ni hiyo hiyo, yangu kimya. Unadhani nilijiuliza? Nilinuna. Nikasema wateja wangu wa Tandale wananichunia, wamepata mtu mwingine wa kuwaletea utumbo. Nikawafuata nikawagombeza mbele za watu. Nao wananiambia, "Bi Tatu, tunakupigia hupatikani." Nikawaambia waongo. Si naona vile vimistari vya mtandao vimesimama vyote vinne? Na chaji ilikuwa inaisha kabla ya adhuhuri, simu imepata moto mpaka unaweza kuwekea chapati. Nikajisifu kwamba ni kwa sababu mie natumia sana.

Halafu bibi akafariki.

Bibi yetu ndiye aliyetulea, mie na mdogo wangu Zuhura. Alikuwa anakaa Gongo la Mboto kwa shangazi yetu, Shangazi Mwasiti. Alifariki asubuhi, na unajua sie hatulazi maiti, alasiri watu wanakwenda kuzika. Walinipigia tangu saa mbili. Haipatikani. Wakapiga tena na tena. Haipatikani. Wakamtuma mtu wa bodaboda, akakuta nimeshaondoka na ndoo zangu kwenda Tandale, na hakuna aliyejua nimepitia kwa mteja gani. Mie nimezunguka mchana kutwa, simu iko kifuani kwangu, nimepiga na picha mbili. Habari nilipewa na Mama Neema niliporudi shimoni, na nilipofika Gongo la Mboto wanaume walikuwa wanarudi makaburini wananawa miguu.

Sikumwosha bibi yangu. Sikumwona uso.

Shangazi Mwasiti alinisuta mbele ya wanawake wote pale uani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliishika ile simu, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Ya kujipigia picha unayo, Tatu. Ya kuitikia huna?" Nikaapa kwamba sikuizima. Hakuna aliyeniamini. Nikasema ni mtandao. Mama mmoja akacheka kwa pua. Wote walikuwa na mtandao huo huo, na wote walikuwepo.

Haikupita mwaka Zuhura akapata mimba. Mumewe dereva wa malori, leo yuko Tunduma, kesho yuko mpakani kwingine huko. Kliniki wakampima, wakamwambia damu yake ni ya kundi la nadra, na kwa hali yake anaweza kuvuja sana siku ya kujifungua. Tafuta ndugu mwenye damu kama yako, awe karibu. Tukapimwa ukoo mzima kama wanafunzi. Aliyelingana naye ni mmoja tu. Mie.

Tukakaa kikao. Zuhura tumbo mbele, ananiangalia. Shangazi Mwasiti akavuta ushungi wake akasema, "Basi ndiyo hivyo. Damu iko kwa Tatu, na Tatu hapatikani."

Mwanangu, nimetukanwa sana machinjioni, wale watu wana midomo. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile. Zuhura akalia. Mie nikanyanyuka nikatoka.

Pale Gongo la Mboto kulikuwa na mzee mmoja wa Songea, Mzee Komba, mwanajeshi mstaafu. Jeshini alikuwa mtu wa redio za mawasiliano, na alipostaafu akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Nikaingia nimevimba, nikasema, "Shikamoo mzee. Nitengenezee simu hii, haishiki mtandao."

"Marahaba, mwanangu. Inakusumbua ukiwa wapi?"

"Kazini. Vingunguti."

Akachukua kofia yake, akafunga kibanda. "Twende huko huko. Hapa kwangu itaniongopea."

Tulifika shimoni saa tano, watu wamejaa. Alikuwa na simu nyingine mfukoni, mtumba, nyeusi, imepauka kama sufuria ya shughuli, kioo kimepasuka kona moja. Ya kugusa kioo kama yangu, ila ukiiona unaweza kuitolea sadaka. Akanionyesha namna ya kuhamisha laini kutoka simu moja kwenda nyingine. Akasema, "Nitakwenda kule kwenye zizi la mbuzi. Nitakupigia mara kumi simu yako ikiwa hapo msumarini. Halafu hamishia laini kwenye hii, uitundike pale pale, nikupigie tena kumi. Usiguse kitu kingine."

Akina mama wote waliacha visu wakaja kuhesabu. Yangu iliita mara tatu. Tatu, mwanangu, kama jina langu, Mama Neema akacheka mpaka akashika nguzo. Nikahamisha laini. Kile kikongwe kikaita. Kikaita. Kikaita. Ya tisa kikaita, ya kumi kikaita. Sauti safi, namsikia Mzee Komba na mbuzi wake wote.

Aliporudi nilikuwa bado nabisha. "Lakini mzee, si ndiyo mtandao tu huu unavyopanda na kushuka?"

"Kampuni ya laini imebadilika?"

"Hapana."

"Kona imebadilika? Msumari?"

"Hapana."

"Sasa kimebadilika nini?"

Akakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa, akanieleza taratibu. Ndani ya simu kuna kitu kinaitwa modemu. Hicho ndicho kinachozungumza na mnara. Iko modemu nzuri, inayoweza kushika hata sauti ya mnara wa mbali iliyofifia, inayojua masafa mengi, yaani njia nyingi za mawimbi ya redio, huku kukigoma inahamia kule. Na iko ya kubahatisha, mnara ukiwa mbali kidogo inahangaika kuutafuta, inatafuta mpaka simu inapata moto na chaji inakwisha, na mwisho inakata tamaa bila kukuambia. Vile vimistari visikudanganye, kila mtengenezaji anavichora anavyotaka. Waliotengeneza simu yangu, alisema, hela zote zilikwenda usoni.

Halafu akanitazama, na hapo ndipo aliponikemea. "Binti, hizi kamera zote zinakutazama wewe. Kioo kinakuonyesha wewe. Kilichomo humu cha kuwasikia watu wengine ni kimoja tu, na hukukiulizia. Miezi yote hii wenzako wanaitwa mbele ya macho yako, simu zenu zimegusana, na bado ukawaita watu waongo."

Nilitamani ardhi inimeze, kinyesi cha ng'ombe na vyote. Nilikuwa nimewagombeza watu wa Tandale bure. Siku ile ile nilikwenda kuwaomba radhi, meza moja baada ya nyingine. Na ile simu ya kung'aa nikamwachia Mzee Komba, nikaondoka na kikongwe. Ndivyo walivyokibatiza pale machinjioni, kikongwe. Wachuna ngozi wakapita wananizomea, "Bi Tatu kafulia!" Nikawaacha. Nilikuwa na jambo langu.

Wiki ya tisa tangu siku hiyo, umeme ukakatika mji mzima tangu alfajiri. Kufika saa sita mnara wa karibu nao ukazimika, sijui jenereta, sijui nini. Msumarini pale simu za wenzangu zote zimeandika hakuna mtandao. Mama Neema anaitikisa yake kama chupa ya dawa. Mie mikono imezama kwenye beseni la utumbo mpaka kwenye viwiko.

Kikongwe kikaita.

Shimo zima likageuka. Nilikimbia na viatu vyangu vya mpira, nikabonyeza kwa kiwiko. Sauti inatoka mbali, inafifia na kurudi, lakini inasikika. Ni Shangazi Mwasiti. "Tatu? Tatu, ni wewe? Zuhura anavuja. Wanataka damu sasa hivi."

"Nakuja shangazi. Nimeshakuja."

Sikunawa. Nilirukia bodaboda na aproni yangu, kijana akageuza uso kwa harufu, nikamwambia nusa ukitaka, ila endesha! Nilipofika hospitali nesi aliniangalia akasema, "Mama, kwanza maji na sabuni." Nikanawa mikono kama daktari. Wakanipima haraka, wakanilaza, wakatoa. Nilimwambia nesi atoe na zaidi, akaniambia nitulie, kiasi wanakijua wao.

Nikiwa nimelala pale sindano iko mkononi, nasikia huko koridoni mtu anapiga ukelele. Shangazi Mwasiti, mwanamke asiyecheka hata harusini, anakimbia anawaambia wauguzi, wagonjwa, mpaka mfagizi, "Tatu amepatikana! Jamani, Tatu wetu amepatikana!" Akapiga kigelegele mle mle hospitalini. Walimfukuza nje, akakimalizia nje.

Zuhura alifumbua macho kabla ya magharibi. Pembeni yake kitoto cha kike, kimefura, kimekasirika, hai. Wakakiita Salama. Shangazi akaja kitandani kwangu, hakuniomba msamaha maana hajui unaombwaje. Alikichukua kikongwe, kile kile kilichopasuka, akakifuta utumbo kwa ushungi wake mzuri wa kitambaa cha Idi, akakirudisha mkononi mwangu kwa mikono miwili. Nilielewa. Na moyoni nikamwambia bibi, sikukusikia wewe, bibi, lakini huyu nimemsikia.

Alhamdulillahi! Nilishinda, mwanangu. Yaani nilishinda mchana kweupe, nanuka utumbo.

Kwa hiyo hela yako hiyo usiipeleke dukani na macho peke yake. Azima simu unayoitaka kwa mtu mwenye kama hiyo, au mbane muuzaji mkubaliane urudishe. Chukua laini yako mwenyewe, nenda kwenye kona mbaya kuliko zote nyumbani kwenu, mwambie mwenzio akupigie mara kumi, kisha ulinganishe na simu nyingine pale pale. Shika mgongo wake uone kama unapata moto bila kazi. Uliza modemu yake, uliza inashika masafa gani, na muuzaji akikucheka mwambie umetumwa na Bi Tatu. Kamera itafuata. Kama hela inatosha vyote viwili, chukua vyote, mie sijakukataza kupendeza.

Na siku ukisikia watu wanasema hawakupati, usiwahi kununa kama nilivyonuna mie. Nyie vijana neno lenu jepesi, mtandao unazingua, fulani ananichunia. Anza na kilichomo mkononi mwako. Mie nilichelewa kuanza hapo, na uso wa bibi yangu sitauona tena duniani.

Ngoja. Unasikia? Ni Salama huyo, yuko darasa la kwanza sasa, kila Jumamosi saa kumi ananipigia kuniuliza kama nimekula. Acha nimpokee. Wewe nenda, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akuangalie. Ukiitwa usikie, na ukiita uitikiwe.