Galaksi Isiyozaa Nyota

Alasiri ile nilikuwa natayarisha somo la fizikia kwenye kompyuta, mama mkwe wangu kakaa kando yangu anakuna nazi. Nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa imejaa kama kawaida: mawifi kutoka Kigombe na watoto wao, na shangazi ya mume wangu, aliyekuja mjini kutibiwa goti, akapona, akabaki. Nilikuwa nimefura. Kupitia ukutani nilishasikia kwamba Ijumaa, baada ya swala, wazee watamketisha mume wangu wamshauri aongeze mke, maana miaka yote hii sijashika mimba. Mama mkwe alikuwa upande wao.

"Hicho kitumbua cha nini?" akauliza, akichungulia kioo.

Sikuwa na hamu ya mazungumzo, ila alikuwa amepatia mno. Nikamwambia ile ni galaksi, nyota zisizohesabika zilizokusanyika pamoja, nene katikati na nyembamba pembezoni, umbo la lenzi. Tena haiko peke yake, imo ndani ya kundi la galaksi nyingi.

"Hii ya picha ya pili ina mikono inayozunguka. Hiki kitumbua, yake iko wapi?"

"Haina, mama. Wala haizai tena. Nyota huzaliwa kwa gesi, na gesi yake imekwisha."

"Kaimaliza mwenyewe?"

"Wataalamu wengi wanasema ni msongamano. Ikipita katikati ya kundi, gesi yake hung'olewa, na majirani nao wanaivuta. Zile zinazokaa mbali na wenzao, nyingi bado zinazaa."

Akaacha kukuna. Nilidhani amechoka, nikaendelea na somo langu.

Kesho yake mama mkwe akamwambia shangazi kwamba goti limepona siku nyingi. Mawifi wakaambiwa minazi ya Kigombe inaibiwa, haina mtu wa kuiangalia. Nani angembishia? Mpaka Alhamisi jioni nyumba ilikuwa na mwangwi.

Wazee walipokuja Ijumaa, aliwaandalia kahawa na haluwa, na kabla hawajafungua mdomo akawaambia, "Binti huyu hana kasoro. Sisi ndio tuliomjazia nyumba pomoni. Mwacheni apumue kwanza." Mume wangu akakikodolea macho kikombe chake. Wazee wakala haluwa, wakaomba dua, wakaondoka.

Mimi nilikuwa jikoni nimejiziba mdomo kwa kanga, nacheka. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuificha. Hata hivyo mwalimu ni mwalimu, nikamfuata nikamwambia, "Mama, mtu si galaksi."

"Nyamaza wewe. Si ndiyo unayowafundisha watoto wa watu?"

Baada ya alasiri nikamkuta chumbani anafunga mzigo wake. Alikuwa anarudi Pangani, kwenye nyumba yake aliyoifunga tangu baba mkwe alipofariki. Siku kama hiyo nilikuwa nimeiomba kwa Mungu mara nyingi, tena kwa hasira. Sasa imefika, nikajikuta nimesimama mlangoni kumzibia njia.

"Wewe hujamzuia mtu chochote, mama," nikasema. "Mtoto anaweza asije hata nikibaki humu na paka."

"Najua," akajibu, akikaza fundo. "Lakini nisipoondoka, nitajuaje kama si mimi?"