Mkono wa Pili Majini

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni Same wameshanizoea hivyo: mwalimu akiuliza swali na jibu ninalijua, ninaliandika pembeni ya daftari, halafu nasubiri mwenzangu alikosee. Kwa hiyo nikisema kwamba Januari hii nilisimama nikaongea mbele ya kanisa zima, anayenijua ataona natunga.

Kanisa letu liko Vudee. Ni dogo, la matofali, na bati lake mvua ikinyesha mahubiri yanasubiri. Majirani wetu wengi ni Walutheri, na sisi Wabaptisti wanatuita watu wa kuzama, kwa sababu hatumnyunyizii mtu maji, tunamzamisha mzima mzima na nguo zake. Mchungaji ni mmoja, naye ni babu yangu mzaa mama. Likizo zote nakaa kwake. Ameanza kazi hiyo mama yangu hajaolewa, na karibu kila anayekaa kwenye mabenchi yale amebatizwa naye au amefungishwa ndoa naye, au amezikiwa mzazi naye.

Tunabatizia kwenye ndiva, bwawa la kienyeji la kumwagilia. Maji ya kijito yanajikusanya usiku kucha nyuma ya ukuta wa mawe na udongo, asubuhi msimamizi anazibua tundu la chini, yanateremka kwa mfereji kwenye mashamba ya wenye zamu. Ndiva si ya kanisa. Tunaazima tu.

Desemba ilikuwa zamu yangu kubatizwa. Vuli haikuwa nzuri na mahindi yalikuwa yameanza kujikunja majani, kwa hiyo babu alikwenda mapema kuongea na msimamizi wa maji, mzee wa Kilutheri ambaye hucheza naye bao. Wakakubaliana maji yasiguswe mpaka saa nne.

"Saa nne ya redio, Mchungaji," yule mzee alimwambia. "Si saa nne ya mahubiri yako."

Babu akahubiri pale ukingoni. Alianza na Yordani, akarudi kwa Nuhu, akakaa kwa Nuhu. Saa nne ikafika. Mzee wa maji alivumilia kidogo, akawatazama wenye zamu waliosimama na majembe kule chini, akaenda kuzibua. Hakuna aliyemzuia. Nusu ya washirika wetu nao mashamba yao yalikuwa yanangoja maji hayohayo.

"Nuhu maji yalimjia, sisi yanatukimbia," bibi alisema polepole, na wanawake wa kwaya wakainamisha vichwa ili wacheke vizuri.

Babu alipoingia, maji yaliyokuwa yamfike kiunoni yalikuwa magotini. Ikabidi tusogee katikati, kwenye tope zito. Akaweka mkono mmoja nyuma ya shingo yangu, wa pili akashika mikono yangu niliyoikunja kifuani. Akasema maneno yake, nikaenda chini.

Nataka niandike lililotokea kama lilivyotokea. Mkono wa nyuma ya shingo ulinyanyua kidogo, ukatetemeka, ukalegea. Haukuteleza. Kuteleza kunakuja ghafla. Huu uliniachia taratibu, kama wa mtu anayepitiwa na usingizi. Nilifumbua macho nikaona rangi ya kahawia tu. Halafu mkono mwingine, mgumu, ukanipita chini ya bega, nikatoka.

Ulikuwa mkono wa kaka mmoja wa kanisani kwetu aliyesoma chuo cha Biblia. Siku za kazi anachimba jasi Makanya, Jumamosi anapanda mlima kuja kwa mke na watoto, na babu akiugua ndiye anayehubiri, ingawa si mchungaji. Alikuwa ameruka na viatu.

"Tope," babu aliwaambia watu huku akihema. "Nimeteleza."

Watu wakasema amina. Bibi akanifunga kitenge, wimbo ukaanza. Mchana tulikula makande, na babu akala kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameulaza mapajani, chini ya meza. Nilimwangalia, akaniangalia, nikarudi kwenye sahani yangu.

Mkutano wa washirika ulikuwa Januari, karibu na shule kufunguliwa. Kwetu hakuna askofu wa kutuletea mchungaji. Watu wanakaa, wanabishana, wananyoosha mikono, na ukishabatizwa unao mkono hata kama uko kidato cha tatu. Hoja ilikuwa moja: tumwongeze yule kaka wa Makanya awe mchungaji wa pili, sawa na babu, au tubaki na mmoja?

Mzee mmoja wa benchi la mbele alianza. "Sisi wenyewe hatujazi mabenchi. Wachungaji wawili wa nini? Mmoja ahubiri, mwingine ampigie makofi?"

"Na mmoja akiumwa?" aliuliza mama shemasi, ambaye hajawahi kukaa kimya kwenye mkutano wowote. "Mwaka ule Mchungaji alipolazwa, tulikaa bila Meza ya Bwana mpaka nikasahau ladha yake. Na Biblia inasema Paulo aliweka wazee, yaani wachungaji, kwenye kila kanisa. Wazee. Hakuweka mzee."

"Paulo alikuwa na miji mikubwa."

"Wewe ulikwenda ukaihesabu?"

Watu wakacheka. Yule kaka alikuwa amekaa nyuma kabisa akiangalia viatu vyake. Nadhani aliona aibu kuliko mimi.

Babu akasimama. Hakukasirika. Alisema siku wachungaji wawili watakapotofautiana, washirika watajipanga nyuma yao mistari miwili, na yeye amewahi kuona kanisa likigawana hadi mabenchi. Alisema mtu akifiwa anataka kujua mlango wa kugonga ni upi. Nilimwelewa.

"Na nguvu bado ninazo," akamalizia.

"Ndivani je?" mama shemasi akauliza.

"Lile lilikuwa tope," mzee wa mbele akamjibia. "Hata kijana angeteleza. Muulizeni huyo binti, si ndiye aliyekuwa majini?"

Alisema vile kumtetea babu. Alikuwa na hakika ya jibu langu, na nilipogeuka nikaona babu naye anayo. Pengine hakika yake hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nikisema ni tope, nimemlinda, lakini Pasaka atashuka tena kwenye maji na mtoto wa mtu mwingine mikononi. Nilisimama.

"Shikamooni," nikasema, maana sikujua niseme nini kwanza.

"Marahaba," kanisa zima likaitikia. Mtu mmoja akacheka.

"Hakuteleza. Mkono ulichoka. Nilikuwa chini, niliusikia ukichoka. Halafu ukaja wa pili."

Nikakaa. Bati likalia kwa jua. Babu akamwambia mwenyekiti wa mkutano, "Pigeni kura."

Mikono ya wanaotaka wachungaji wawili ikawa mingi. Wangu ulikuwemo. Mikono ya mchungaji mmoja ikanyooshwa, michache. Babu hakunyoosha popote. Mkono wake wa kulia ulibaki juu ya Biblia.

Kwa kawaida nikimwamkia babu ananijibu kirefu: marahaba mjukuu, umeamkaje, bibi yako amewasha moto au bado anaomba? Siku zilizobaki za likizo nilipata "marahaba" tupu. Bibi aliniambia nimwache, mtu mzima anahitaji muda wa kununa kama mtoto. Nikarudi Same na ile marahaba masikioni.

Pasaka nilipanda nyumbani. Kulikuwa na kijana wa kubatizwa. Babu alihubiri kifupi mpaka watu wakaangaliana. Nuhu hakutajwa. Mzee wa maji alikuwa amekaa ukingoni na redio yake, na babu kila alipomaliza sentensi alimtupia jicho. Kisha wakaingia wote wawili, yule kaka upande wa tope, babu upande wa mawe. Maneno akasema babu. Kunyanyua wakanyanyua pamoja.

Alipotoka, suruali ikichuruzika, nilikwenda na taulo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu." Akajifuta mkono wa kulia, kidole kwa kidole. "Siku mkinizika, wewe wasikupe nafasi ya kuongea. Utawaambia yote."

Halafu akaniegemea begani ili avae viatu.